Mahekalu ya Kush: notisi za njiani, Khartoum mpaka Kerma

Notisi hizi niliziandika kwenye simu Januari 2020, kabla vita haijaanza Sudan. Naziweka sasa kwa sababu kila nikisikia Sudan inatajwa ni mabomu na wakimbizi tu, na ni kweli watu wanateseka mno, lakini nchi ile ina majengo ambayo kila Mwafrika anatakiwa ayajue na wengi wetu hata majina yake hatuyajui.

Kazi yangu ni ujenzi, nasimamia saiti Mwanza. Nilienda na rafiki yangu mwalimu wa historia wa sekondari, yeye ananiita fundi mi namwita mwalimu, tumezoeana hivyo miaka. Swali tulilokuwa nalo lilikuwa moja: kwenye mahekalu ya Kush, ufalme wa kale uliokuwa Sudan ya leo kusini mwa Misri, kipi kimetoka Misri, kipi kwa Wagiriki na Warumi, na kipi ni cha wenyewe. Swali hili linatuhusu sisi moja kwa moja, maana hata Kilwa na Gedi kwa miaka mingi vitabu vilisema zimejengwa na Waarabu na Waajemi, kana kwamba mtu wa pwani alikuwa anaangalia tu wageni wanavyopanga mawe.

Jumamosi, Khartoum

Tumetua usiku wa manane, asubuhi cha kwanza ni hela. Kadi za benki za nje hapa hazisomi kabisa kwa sababu ya vikwazo, unakuja na dola taslimu za safari nzima. Foleni za mafuta zimezunguka mitaa, dereva wetu amelala kwenye gari foleni ili apate dizeli ya kutupeleka kaskazini. Rais Bashir ametolewa madarakani Aprili mwaka jana na kuta za mji bado zimejaa michoro ya mapinduzi, kuna akina dada wamechorwa wamevaa toub nyeupe na watu wanawaita Kandaka. Mwalimu akasimama pale akanikumbusha Matendo ya Mitume sura ya 8, yule towashi wa Kushi aliyebatizwa na Filipo njiani, bosi wake alikuwa Kandake malkia wa Kushi. Yaani ni cheo kile kile, kimevuka miaka elfu mbili kikatua kwenye ukuta wa mtaani.

Mchana Makumbusho ya Taifa. Kilichotuchukua muda ni bustani, maana mle bustanini kuna mahekalu mazima. Misri ilipojenga bwawa kubwa la Aswan miaka ya 1960 maji yalikuwa yanakuja kufunika sehemu kubwa ya Nubia, nchi ya mto Nile kusini mwa Misri, upande wa Sudan mahekalu kadhaa yakafunguliwa jiwe kwa jiwe yakaletwa hapa yakapangwa upya. Kuna la Buhen la malkia Hatshepsut na kuna la Semna la Thutmose wa Tatu. Haya ni ya Wamisri kabisa, walijenga wakiwa wameikalia nchi. Lakini lile la Semna limewekwa kwa ajili ya Dedwen, na Dedwen ni mungu wa Wanubi. Kwa hiyo mkoloni wa miaka ya 1400 KK anajenga kwa ramani yake na mafundi wake halafu anamuweka ndani mungu wa mwenyeji. Mwalimu akasema hapo kuanza kumtafuta nani kamwiga nani ni kujichanganya, hawa watu walikuwa wanachukuliana tangu siku ya kwanza. Mi nikamwambia tungoje tuone kuta zenyewe.

(Naongeza leo: makumbusho haya yaliporwa wakati wa vita. Vitu ambavyo nilisimama mbele yake vingine havijulikani viliko, na kila nikifungua picha zangu za siku hiyo roho inaniuma.)

Jumapili, Naqa

Tumetoka alfajiri. Unafuata lami kuelekea Shendi, halafu unaiacha unaingia jangwani kama kilomita 30 kutoka mto Nile, hakuna barabara ni alama za matairi tu na miti ya miiba. Ukifika kitu cha kwanza unaona ni kisima. Kirefu sana, na wafugaji wanateka maji kwa kufunga kamba kwa punda, punda anatembezwa mpaka mbali kabisa ndo ndoo ya ngozi inatokea juu. Watoto ndo wanaoongoza punda. Nyuma ya kisima ndo mahekalu yanaanza.

Naqa siku hii moja ingetosha safari nzima, nasema kweli. Kwenye uwanja mmoja, mwendo wa dakika chache kwa miguu, una majengo matatu na kila moja limechota sehemu tofauti.

La Amun kwanza, mungu mkuu wa Misri. Wamelijenga mfalme Natakamani na malkia Amanitore, karne ya kwanza BK, yaani wakati ule ule wa mitume. Mpangilio ni wa Misri moja kwa moja: njia ya kuingilia ina kondoo dume wa mawe wamelala pande mbili, mageti mazito, ukumbi wa nguzo, vyumba vinazidi kuwa vidogo mpaka chumba cha ndani kabisa cha mungu. Wajerumani kutoka makumbusho ya Berlin wakiongozwa na Dietrich Wildung walianza kulichimba miaka ya 1990 na kondoo wakasimamishwa tena. Nikapiga magoti kumwangalia mmoja kwa karibu. Manyoya yake yamechongwa vibonge vibonge vya mviringo, mstari juu ya mstari, na katikati ya miguu ya mbele kuna kasanamu kadogo ka mfalme amesimama analindwa. Misri wana kondoo kama hawa, kwenye hekalu la Karnak wapo tele, lakini mkono wa fundi ni mwingine, huyu ni mnene na ametulia, na manyoya kayapenda yeye mwenyewe.

Halafu la Simba. Hili ndo la Apedemak, mungu wa vita mwenye kichwa cha simba, na Apedemak hatoki Misri, ni wa hapa hapa. Jengo ni dogo, chumba kimoja tu, mbele yake kuna minara miwili ya mlango kama ya Misri. Kushoto Natakamani amewashika maadui nywele kanyanyua silaha, na hiyo picha ya farao anapiga maadui Wamisri wamechora miaka elfu tatu. Sasa geuza macho kulia. Amanitore naye anafanya hivyo hivyo, kwa ukubwa ule ule wa mfalme, hajawekwa nyuma wala hajachorwa mdogo magotini kwa mumewe. Na mwili wake ni wa mama mwenye nguvu, makalio mapana, mabega ya kushiba, mkufu wa shanga kubwa kubwa, kucha ndefu. Wamisri walizoea kuwachora malkia wao wembamba kama mwanzi. Hapa mtu kachukua picha ya kifarao ya zamani kuliko zote akamuingiza mwanamke wa kwao kama alivyo na kama wanavyomheshimu. Mwalimu alikaa chini mchangani mbele ya ukuta ule, tukamwacha.

Zunguka pembeni ya mnara. Kwenye ule ukingo mwembamba kuna nyoka ana kichwa cha simba, anatokea ndani ya ua, na majani ya lile ua yanafanana na yale ya Kigiriki yanayokaa kwenye vichwa vya nguzo. Nyuma ya jengo Apedemak ana vichwa vitatu na mikono minne. Hapo ndo watu wa zamani walipopata la kusema, wakadai imetoka India, eti kwa sababu miungu ya Kihindu ina mikono mingi. Mi nilisimama pale muda mrefu nikaona maelezo rahisi zaidi: mfalme yuko upande mmoja malkia yuko upande mwingine, na mungu lazima awatazame wote wawili na kuwapokea wote, kichwa kimoja kinatazama huku kingine kule cha katikati kinakutazama wewe, na kila mkono una kazi yake. Ni fundi amekutana na tatizo la ukuta akalitatua. Wachambuzi wengi siku hizi nao hawaikubali sana ile hadithi ya India.

Ubavuni ndo unaona hesabu ilivyopangwa. Ukuta wa kusini ni miungu wanaume, Apedemak anaongoza na nyuma yake wamo Horus na Amun. Ukuta wa kaskazini ni miungu wanawake, Isis anaongoza. Miungu ya Misri imekuja imepewa nafasi, lakini mwenye nyumba ndo kasimama mbele.

Na mbele ya hili hekalu, hatua chache tu, kuna kile kijengo ambacho wageni wote wanakipiga picha, kinaitwa kibanda cha Kirumi. Ndugu zangu, hebu nielezee taratibu maana nimekizunguka mpaka dereva akaanza kupiga honi. Ni cha mawe mekundu ya mchanga, kidogo, hakina paa sasa hivi. Madirisha ya ubavuni mengine juu yana tao la duara kama la Kirumi, na nguzo zilizoshikana na ukuta zina vichwa vya majani vya Kikorintho, mtindo wa Kigiriki. Lakini mlango! Mlango juu una lenta bapa ya jiwe, na juu ya lenta kuna jua lenye mabawa na safu ya nyoka wamesimama, hiyo ni Misri tupu. Wataalamu wanaona kilikuwa kihekalu cha mungu mke Hathor, yaani ibada ni ya Kimisri iliyozoeleka Kush, kwenye nyumba iliyovaa madirisha ya Kirumi.

Sasa kama mtu wa saiti nikaangalia lile tao. Tao la Kirumi la kweli linajengwa kwa mawe ya kabari, moja linabana jingine mpaka la katikati ndo linafunga, na uzito unashuka pembeni. Hapa mawe mengine yamekatwa tu umbo la nusu duara kwenye jiwe lenyewe, umbo lipo ila kazi ya kubeba inafanywa na jiwe zima kama lenta ya kawaida. Maana yake fundi alikuwa na njia yake ya kujenga anayoiamini na hakuiacha, umbo akalichukua kwa sababu lilimpendeza au tajiri wake alilitaka. Sisi tunafanya hivyo kila siku, mteja anakuja na picha ya nyumba ya Dubai kwenye simu, unampa sura ile lakini msingi na mkanda unaweka unavyojua udongo wa Mwanza.

Jumatatu, Musawwarat

Sio mbali na Naqa. Hapa kuna hekalu lingine la Apedemak, la zamani zaidi, la mfalme Arnekhamani, karne ya tatu KK. Lilikuwa limeanguka lote, kuta zimelala kifudifudi mchangani na ndo maana michoro imepona, Wajerumani wa chuo kikuu cha Humboldt chini ya Fritz Hintze wakaja miaka ya 1960 wakaliinua jiwe kwa jiwe. Kilichomshika mwalimu ni maandishi. Sala za Apedemak zimeandikwa kwa hieroglifu za Misri, za mtindo wa mahekalu ya kina Ptolemaio, wale wafalme wa asili ya Kigiriki waliotawala Misri, yaani mungu ambaye Misri hawamuabudu anasifiwa kwa lugha ya Kimisri iliyonyooka. Baadaye Wakush wakatengeneza maandishi yao wenyewe, herufi 23, sauti zake zilisomwa na Griffith mwaka 1911 lakini lugha yenyewe mpaka leo haijaeleweka vizuri. Mwalimu anasema akiwa darasani hiyo ndo sehemu inayowaamsha watoto, kwamba kuna lugha ya Kiafrika iko imeandikwa, inasomeka kwa sauti, na bado inasubiri wa kuielewa.

Lile boma kubwa la Musawwarat mi sikupata jengo la kufananisha nalo. Ni ua baada ya ua, njia za kupanda za mteremko badala ya ngazi, kuta ndefu zinazounganisha majengo, na katikati hekalu limeinuliwa juu ya jukwaa limezungukwa na nguzo. Nguzo kuzunguka nje ni wazo la Kigiriki, hekalu la Misri kwa kawaida nguzo inazificha ndani. Lakini ramani yote ya boma haina Misri wala Ugiriki, hakuna aliyepata mfano wake kwingine. Na tembo wako kila mahali, kuna mwisho wa ukuta mmoja umechongwa tembo mzima amesimama, ukuta ndo mwili wake. Wengine wanasema walifuga tembo hapa, wengine wanasema palikuwa mahali pa hija. Pembeni kuna bwawa lao la kuchimba, hafir, duara kubwa sana la kukinga maji ya mvua, udongo uliotolewa umepangwa kuwa ukingo. Bila hilo bwawa hakuna fundi angekaa hapa hata wiki. Nimeangalia ule ukingo kuliko nguzo, maana kwenye kazi yoyote kubwa maji ndo yanatangulia.

Jumanne, Meroe

Meroe tuliisoma shuleni kwenye mada ya ufuaji wa chuma, mstari mmoja, na ndo basi. Vilima vya mavi ya chuma vipo kweli, vyeusi, unavikanyaga vinalia chini ya kiatu.

Piramidi zimeshapigwa picha na kila mtu, nitasema jambo moja tu. Kila piramidi ina kihekalu chake kimebandikwa upande wa mashariki, na kihekalu kina minara ya mlango kama hekalu kubwa. Piramidi zenyewe ni kali, zimesimama kuliko za Giza, na ni ndogo. Misri walikuwa wameshaacha kuzika wafalme kwenye piramidi karne nyingi kabla, Wakush wakaichukua wakaipa mwinuko wao na wakaendelea kujenga mpaka karne ya nne BK. Nyingi hazina vichwa. Mtaliano Giuseppe Ferlini alikuja 1834 akabomoa akitafuta dhahabu, akaipata kwenye piramidi ya malkia Amanishakheto, na vito vile leo viko Berlin na Munich. Nikiwa nimesimama mbele ya ule mrundo wa mawe nilisikia hasira ya kweli.

Mji wa kifalme uko karibu na mto, ng'ambo ya reli. Hapa utaona jinsi walivyojenga wakiwa hawana haja ya kutumia jiwe tupu: ndani matofali ya udongo mabichi, nje wamevisha matofali ya kuchoma, milango na nguzo ndo jiwe, halafu wanapiga lipu ya chokaa na rangi kali. Hekalu la Amun la hapa limejengwa hivyo. Tunaona mahekalu haya leo ya kahawia tunadhani yalikuwa hivyo, kumbe yalikuwa yanawaka rangi.

Kuna bwawa la kale walilofukua wachimbaji wa Mwingereza Garstang kabla ya vita kuu ya kwanza wakaliita bafu la Kirumi. Lina mifereji, sanamu za wapiga filimbi, rangi, mambo ya Kigiriki kabisa. Siku hizi wanaona lilihusu ibada ya maji na mafuriko ya Nile zaidi ya kuoga, na hilo linaingia akilini, mfalme wa jangwani hatumii maji yote yale bila sababu ya kiroho.

Na hapa hapa ndo kilipopatikana kichwa cha shaba cha Kaizari Augusto, mwaka 1910, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu. Wakush walivamia ngome za Warumi kusini mwa Misri kama mwaka 25 KK, wakavunja sanamu, kichwa wakaja nacho wakakizika mlangoni ili kila anayeingia kuabudu amkanyage. Leo kiko London, British Museum. Kisha baada ya vita wakafanya mkataba, na baadaye ndo hao hao Natakamani na Amanitore wanaojenga Naqa na madirisha ya tao. Mwalimu akasema hapo ndo ujue hawakuchukua kwa kushindwa, waliotoka kumkanyaga Augusto kichwani hawakuwa wanamuogopa fundi wake. Walipenda dirisha wakalichukua.

Jumatano, njiani Bayuda

Gari tu leo. Atbara kununua mikate (foleni tena), halafu jangwa la Bayuda mpaka Karima. Miamba myeusi, ngamia, vibanda vya chai. Mama muuza chai alitutilia kahawa ya tangawizi kwenye jabana na alipojua tunatoka ziwa ambako White Nile inaanzia akakataa hela.

Alhamisi, Jebel Barkal

Mlima mmoja wa jiwe la mchanga, bapa juu, urefu kama mita 100, umesimama peke yake kwenye tambarare karibu na mto. Pembeni una mnara wa jiwe uliojitenga, mita 75 hivi, na ukiutazama kwa upande fulani ni nyoka amenyanyua kichwa, kavaa taji. Wamisri walipofika hapa karne ya 15 KK chini ya Thutmose wa Tatu wakasema Amun anaishi ndani ya mlima huu. Sasa jiulize, mlima mtakatifu wa namna hii watu wa hapa walikuwa hawauoni mpaka Mmisri aje awaonyeshe? Wengi wanaona palikuwa pa ibada tangu zamani, na hata kondoo wa Amun inawezekana alipata nguvu kutoka kwa kondoo waliokuwa wanaheshimiwa kabla huko Kerma, mji wa kale zaidi tunakoelekea. Mi naamini hivyo, makaburi ya Kerma yana kondoo waliovikwa vitu vichwani.

Karne ya nane KK mambo yakageuka. Mfalme Piye wa Kush akapanua hekalu la Amun hapa likawa refu kupindukia, kisha akashuka na jeshi akaichukua Misri yenyewe, na ukoo wake ukatawala huko kama mafarao. Walikuwa wanashika mila za kale za Misri kuliko Wamisri wa wakati ule. Kondoo waliolala mbele ya hekalu la Barkal wana jina la Amenhotep wa Tatu, waliletwa hapa kutoka Soleb, hekalu la mbali kaskazini. Simba wawili wa jiwe jekundu pia walitoka Soleb wakaletwa hapa, mfalme Amanislo akaandika jina lake juu yao, halafu Mwingereza Prudhoe akawachukua, wako London tangu 1835. Kila mmoja kwa zamu yake.

Lakini nimekuja kwa ajili ya hekalu la mungu mke Mut. Limechimbwa ndani ya mlima, ni kazi ya Taharqa, huyu ndo Tirhaka mfalme wa Kushi kwenye 2 Wafalme 19. Nje zimebaki nguzo mbili zenye uso wa Hathor, masikio ya ng'ombe, nywele nzito. Ndani walinzi wanawasha tochi na rangi zimesafishwa, bluu, nyekundu, njano, Taharqa anamtolea Amun sadaka na Amun amekaa NDANI ya mlima, wamechora mlima kabisa na yule nyoka wa jiwe mbele yake. Hii haiwezekani kuchorwa Luxor kule Misri, haina maana Luxor. Mtindo wa mchoro, mavazi, maandishi, vyote Misri, na habari inayosimuliwa ni ya mahali hapa pekee duniani. Nikiulizwa nionyeshe sehemu moja tu inayojibu swali letu naonyesha ukuta huu.

Niligusa kwa macho tu (mlinzi mkali na yuko sahihi) alama za patasi kwenye dari. Zinakwenda mshazari, pigo fupi fupi, unaona kabisa fundi alikuwa anarudi nyuma kutokea ndani kuja mlangoni kwenye mwanga.

Ijumaa, Karima

Sala, kila kitu kimefungwa. Tumekula ful, tumefua, jioni tumekaa mtoni chini ya mitende.

Jumamosi, Kerma

Tumefika kwa basi dogo kupitia Dongola, halafu bajaji, wao wanaiita raksha.

Deffufa ya magharibi ni jengo la matofali ya udongo, mita 18 kwenda juu, na lina zaidi ya miaka 3,500. Halifanani na hekalu lolote la Misri. Halina ukumbi wa nguzo wala ua, ni bonge moja limejazwa matofali, na katikati ya bonge ngazi nyembamba inapanda mpaka juu ambako ibada ilikuwa inafanyika. Upepo umelilamba kona zote zimekuwa za mviringo lakini ukisogea unaona mstari wa matofali umenyooka, nimekadiria kwa jicho na timazi ya uzi wenye jiwe, bado iko vizuri kwa udongo wa umri ule.

George Reisner, Mmarekani, alichimba hapa 1913 mpaka 1916. Akaona mji mkubwa, makaburi ya wafalme, ufinyanzi mwembamba wa kung'aa, hili jengo, akahitimisha kwamba ni kituo cha gavana wa Kimisri. Na alipokuja kuchimba Barkal na makaburi ya jirani akasema wafalme wa Kush asili yao ni Libya. Hakuweza kukubali tu. Alikuwa mchimbaji hodari, rekodi zake zinatumika mpaka leo, lakini hilo liliharibu vitabu kwa miaka hamsini, na watoto wetu wakafundishwa kutoka kwenye vitabu hivyo. Ilibidi aje Charles Bonnet, Mswisi, achimbe taratibu kuanzia miaka ya 1970, ndo ikawekwa wazi kwamba Kerma ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa watu wa hapa, na Misri ilikuwa inauogopa.

Jirani kuna magofu ya Dokki Gel, na ndo mwisho wa safari yetu. Bonnet alikuta misingi ya majengo ya duara na ya yai, kuta nene za udongo, mtindo ambao haupo Misri kabisa, na juu na pembeni yake mahekalu ya mstatili ya Wamisri walioingia baada ya kuishinda Kerma kama 1500 KK. Yamepangwa upya kwa matofali mapya kuonyesha ramani, kwa hiyo unatembea juu yake unahesabu: duara, mraba, duara. Hapa pia mwaka 2003 walifukua shimo lenye vipande vya sanamu saba za wafalme wa Kush, Taharqa akiwemo na Tanutamani na Aspelta, zilizovunjwa inaaminika na jeshi la Misri la Psamtik wa Pili mwaka 593 KK na kuzikwa kwa heshima na watu wao. Sasa ziko kwenye makumbusho pale pale Kerma, zimeunganishwa, zimesimama nusu duara, jiwe jeusi linang'aa, na sehemu za viatu na vito zimeachwa na ukwaruzo kwa sababu zilikuwa zimevishwa dhahabu.

Mwalimu amechora ramani ya Dokki Gel kwenye daftari, hatua kwa hatua, mi nikimshikia futi. Anasema kidato cha kwanza wataanzia hapo kwenye duara, piramidi zitafuata baadae. Tumemuomba msimamizi wa makumbusho aangalie vipimo, akarekebisha upana wa ukuta mmoja kwa kalamu yake, akatuambia tuwahi stendi kabla basi la Khartoum halijajaa.